Nani Aliliua Gari la Jibini?

Maiti ilikuwa bado inatoa mvuke Inspekta Viateur alipofika Shasha.

Ilikuwa imesimama katikati ya soko, mdomo wazi, na maji ya kahawia yakitiririka kutoka tumboni mwake mpaka chini ya meza ya mama muuza sambaza, samaki wadogo wa ziwani. Watu walikuwa wameizunguka. Mzee mmoja alikuwa amevua kofia kabisa, na jirani yake alikuwa akisimulia jinsi alivyoisikia ikilia mara ya mwisho.

Marehemu alikuwa gari la Papa Guy, gari pekee lililoteremsha jibini kutoka vilima vya Masisi hadi ziwani kila Alhamisi. Nyuma, chini ya turubai, jibini sitini za mviringo zilikuwa zimeanza kulegea kwa jua, na mbwa wote wa Shasha walishapata habari.

"Afande, muuaji njo huyu!" Papa Guy alipaza sauti, kidole chake kikimwelekea dereva. "Alikata vantilateri ya gari yangu, akaiuzisha! Aingie mu kasho, afungwe leo leo!"

Dereva, Esdras, alikuwa ameketi juu ya gurudumu la akiba. Mkono wake wa kulia ulikuwa umepakwa dawa ya meno mpaka kwenye kiwiko.

Inspekta Viateur alivuta suruali juu, akakohoa kidogo. Karani wake, Mama Françoise, mwanamke wa makamo asiyecheka ovyo, alifungua daftari.

"Jina?"

"Chef, unanijua."

"Jina, tuandike."

"Esdras."

"Imetokea nini?"

"Nilifika hapa saa ine asubuhi. Lori ilikuwa imekwama pale mbele, nikangoja. Sikuzima moteri juu demareri iko mugonjwa, ukizima haiwake tena. Nusu saa, chef. Mushale ya joto ikapanda, ikapanda, kisha nikasikia: pfffff!"

"Ukafanya nini?"

"Nikafungua kifuniko ya radiateri."

"Ikiwa inachemka?"

Esdras aliutazama mkono wake wa dawa ya meno. "Ndiyo, chef."

Mama Françoise alitikisa kichwa, akaandika. Kuna mambo ambayo sheria haina adhabu nayo, kwa kuwa mtu ameshajiadhibu.

Inspekta aliinama chini ya boneti. Nyuma ya rejeta, pale ambapo feni ya umeme ingepaswa kukaa na kupuliza, palikuwa na tundu tupu, la mviringo, safi. Feni haikuvunjika wala haikung'oka. Ilifunguliwa.

"Kaka yake anachimba dhahabu kule Omate, Walikale!" Papa Guy alisema. "Mu shimo kule hakuna hewa. Banahitaji vantilateri ya kupuliza. Amemutumia!"

"Kaka yangu aliachaka kuchimba," Esdras alijibu. "Sasa anapika mikate."

"Mikate gani? Uongo!"

Mama Françoise alikuwa ameshapiga simu. Aliiweka kwenye spika, na sauti nzito ikatoka Omate ikiwa imechoka.

"Vantilateri? Mama, niko mbele ya tanuri tangu alfajiri. Kama muko nayo, mulete!"

Watu walicheka. Papa Guy hakucheka. Alishaandikisha mashtaka, na alitaka mtu wa kuyabeba.

"Chef," Esdras alisema polepole, "bibi yangu alizaa Jumatatu. Iko ku hopitali ya Kirotshe, pale tu, ata mwendo ya dakika chache. Leo njo ningeenda kubachukua. Mutoto wangu sijamuona ata uso."

"Musimuache!" Papa Guy alifoka. "Akifika Kirotshe, tutamuonea wapi tena?"

Inspekta Viateur aliitazama barabara ya Kirotshe, kisha akalitazama daftari. Shtaka ni shtaka. Alikuwa na saa arobaini na nane za kumshikilia mtuhumiwa. Zikiisha bila jibu, Esdras angepelekwa Goma mbele ya mwendesha mashtaka, na huko mtu anaweza kukaa mpaka mwanawe aote meno. Roho ilimuuma, nasi tusimsingizie kwamba haikumuuma.

"Swali la mwisho," alisema. "Gari inalalaka wapi?"

Esdras alisita. "Mu kiwanja yenye geti, chef. Kwa... kwa mama mukwe wako."

Mama Françoise aliinua kalamu. "Niandike nani?"

"Andika: mahali penye usalama," inspekta alisema haraka.

Lori la maharagwe lilivuta gari kwa kamba, na Esdras ndani yake chini ya ulinzi, mpaka kituo cha polisi, kule juu vilimani kwenye baridi. Mchana huohuo inspekta alilala chini yake kwa uchunguzi, akatoka na tope usoni na mambo matatu kichwani.

La kwanza, skrubu nne za feni zilikuwa zimerudishwa kwenye matundu yake na kukazwa. Mwizi gani hurudisha skrubu? Mwizi wa kawaida huzitupa majanini na kukimbia.

La pili, vichwa vya skrubu hizo vilikuwa vimefunikwa na tope jeusi lililokauka, tope la huku juu. Mvua ilikuwa imenyesha Jumatano usiku, na gari liliteremka Alhamisi alfajiri. Kwa hiyo tope liliruka njiani na kukuta feni imeshaondoka.

"Lakini ingechemka njiani," Mama Françoise alisema.

"Hapana. Njia yote ni kuteremka, na asubuhi huku kuna baridi ya kung'ata masikio. Gari likikimbia, upepo wenyewe unaingia mbele na kupoza maji. Feni inahitajika gari likisimama moteri ikiwaka, ao likipanda taratibu na mzigo. Lilikuwa gonjwa tangu juu. Lilikwenda kufia Shasha tu."

"Basi Esdras hakuiuzisha Shasha."

"Papa Guy atasema aliiuzisha huku."

La tatu alilificha mfukoni. Nyaya mbili zilizokatwa zilikuwa zimefungwa ncha zake, kila moja peke yake, zisigusane na kuleta moto. Na hazikufungwa kwa utepe wa fundi. Zilifungwa kwa uzi mweupe wa kufumia vitambaa, fundo la vitanzi vitatu vilivyokaa kama ua dogo.

Inspekta alikwenda nyumbani kula. Mkewe, Céline, alimwekea ugali na maharagwe, akawasha redio. Juu ya redio kulikuwa na kitambaa cheupe cha kufuma. Viateur alikitazama kitambaa hicho kwa miaka sita bila kukiona. Leo alikiona. Kwenye kila pembe kulikuwa na fundo la vitanzi vitatu.

Alirudisha tonge kwenye sahani.

"Unaumwa?" Céline aliuliza.

"Hiki kitambaa alifuma nani?"

"Wewe nawe! Si mama? Dunia nzima, fundo ile iko yake peke yake."

"Aa. Ni kizuri," alisema, na hakula tena.

Sasa msomaji ajue taabu ya mtu huyu. Katika milima ile mkwe hamtazami mama mkwe wake usoni, hakai naye chumba kimoja, na hamsemeshi ana kwa ana. Ni heshima, na Viateur aliishika kwelikweli. Akimwona mama mkwe wake, Mama Mukasine, njiani, yeye huingia shambani mwa maharagwe upande wa kushoto, naye mama huingia upande wa kulia, na njia hubaki tupu. Mara moja walikutana katikati ya daraja la mti mmoja, na inspekta wa polisi, mwenye bastola kiunoni, alirudi kinyumenyume mpaka ng'ambo.

Na sasa amhoji! Amwulize, "Ulikuwa wapi Jumatano?" Loo!

Ijumaa asubuhi alifika kituoni akishika tumbo.

"Niko mugonjwa, Françoise."

"Tumbo haliko pale, chef. Hapo ni mufuko." Mama Françoise alinyoosha kiganja. Alipoupokea uzi na kuutazama, alilitambua fundo mara moja. Kwenye kochi lake mwenyewe kulikuwa na vitambaa vinne vya Mama Mukasine. "Kesho saa sita mchana zile saa arobaini na nane zinaisha. Na yule mutoto anatimiza siku tano bila baba."

Kutoka chumba cha mahabusu, Esdras alikuwa akiimba taratibu wimbo wa kubembeleza mtoto, akiufanyia mazoezi. Aliimba vibaya sana.

"Chukua daftari," inspekta alisema.

Mahojiano yalipangwa hivi. Mama Mukasine aliketi jikoni, nyuma ya pazia. Inspekta aliketi uani, mgongo kwa jiko, uso kwa ua wa miti. Mama Françoise aliketi katikati juu ya kigoda, aipokee sauti ya huku na kuipeleka kule, ingawa kati yao hapakuwa na hatua nne.

"Muulize mama mkwe kama gari la Papa Guy linalala hapa."

"Mama, anauliza..."

"Nimesikia. Umwambie inalala."

"Anasema inalala."

"Nimesikia," inspekta alisema. "Muulize kama aliona mtu akiligusa Jumanne ao Jumatano."

"Umwambie hakuna muntu wa inje aliigusa."

Mama Françoise aliandika "wa inje" na kupiga mstari chini yake.

Hapo inspekta alisikia. Kutoka sebuleni kulikuwa kukija mngurumo, vuuuuu, bila kupumzika.

"Muulize ile sauti ni ya nini."

Pazia lilivutwa vizuri zaidi. "Umwambie ni upepo."

"Anasema ni upepo."

Inspekta aliitazama migomba. Hakuna jani lililotikisika. Aliushika uzi mfukoni, akauachia, akaushika tena. Angeutoa mbele ya mama mkwe, basi imekwisha. Céline angemwangalia vipi? Asingeutoa, Esdras angepanda gari la Goma. Jasho lilimshuka kwenye baridi ile ya Masisi.

"Muambie," alisema mwishowe, na sauti yake ilikuwa ndogo, "kwamba Esdras iko mu kasho. Kesho anapelekwa Goma. Muambie mtoto wake hajamwona."

Pazia lilitikisika kama limepigwa na dhoruba.

"Nani? Esdras? Aa, hapana! Mi nilielezwa amebaki Kirotshe, anabeba mutoto!"

"Iko mu kasho, mama," Mama Françoise alisema. "Juu ya vantilateri."

Kisha mikono miwili, yenye bangili za shaba, ilitokeza chini ya pazia, imenyooshwa, viganja juu.

"Umwambie mukwe wangu anifunge. Njo mimi."

Inspekta alifumba macho. Hakuna kesi aliyowahi kuitatua ikamuumiza hivyo.

"Muulize," alisema, "kwa nini."

Mama Mukasine hakungoja apelekewe swali.

"Françoise, umweleze vizuri. Ile frigo alinileteaka mwaka jana, ya kutumia panneau ya jua. Katika kilima hii yote, ni nani alipata frigo kwa mukwe wake? Mi peke yangu! Nikaipenda sawa mutoto. Nikaivalisha. Nilifuma kitambaa ya mbele, ya mbavu mbili, na ya mugongo, yenye maua. Nikaisukuma ku ukuta isipate baridi, na mbabula yangu ya makaa karibu. Kumbe mwezi uliopita ikaanza kupata homa. Mugongo iko moto sawa pasi. Inalia, inanyamaza. Inalia, inanyamaza. Mu tumbo, kila kitu ni ya moto."

"Kwa nini hakusema?" inspekta aliuliza ua wa miti.

"Ningesema nini? Kwamba zawadi ya mukwe imekufa? Bantu bangesema alininunulia kitu ya bure! Ningemupatisha haya. Na Pasaka alikuja. Nikamutumia sucré, soda ya chupa. Alikunywa nusu." Bangili ziligongana nyuma ya pazia. "Nusu, Françoise! Akaacha chupa pale, akasema, aksanti, imetosha. Nilibaki na ile chupa mu mikono, nikalia."

Inspekta Viateur aliikumbuka Pasaka ile. Kabla ya kufika hapo alipita kwa katekista, akanyweshwa soda mbili na kikombe cha maziwa. Tumbo lilikuwa limejaa tu. Hakujua hata kama ile chupa ilikuwa ya moto.

"Basi nikamuuliza Esdras siku moja mu gari," mama aliendelea. "Mwanangu, moteri ikipata homa, inaponywa na nini? Akasema, vantilateri, mama, bila ile inapika. Nikawaza. Gari inatembea, inapata upepo yake bure. Frigo haitembee. Marehemu bwana yangu alikuwa fundi, spana zake ziko mu sanduku. Jumanne nikafungua. Skrubu nikarudisha, juu alinifundishaka usipoteze skrubu ya muntu. Jumapili hii mukwe wangu anakuja. Angekunywa sucré ya baridi, Jumatatu ningeirudisha. Haki ya Mungu, sikuwaza Shasha!"

Mama Françoise aliweka kalamu chini na kujifuta jicho kwa haraka, kana kwamba kulikuwa na mdudu.

"Frigo imepona?" inspekta aliuliza.

"Hapana," pazia lilijibu kwa huzuni. "Vantilateri inapuliza sana, lakini homa haishuke."

Kielelezo lazima kikaguliwe. Mama Mukasine alitokea mlango wa nyuma, amejifunika kitenge kichwani, na inspekta akaingia mlango wa mbele.

Friji ilikuwa imesimama kwenye kona kama bibi harusi. Ilivaa vitambaa pande zote, ikakandamizwa ukutani mpaka haikupitisha wembe. Hatua moja kutoka hapo mbabula ya makaa ilikuwa ikichemsha maharagwe. Na feni ya Papa Guy, imeunganishwa kwenye betri ya paneli, ilikuwa ikipuliza kwa nguvu zake zote juu ya kitambaa cha mbele, kikipepea vizuri sana. Hewa haikupita hata chembe.

Inspekta alipeleka mkono kwenye koti lake, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Alipewa na muuzaji siku ile ya kununua. *Acha nafasi ya viganja viwili nyuma. Usifunike. Weka mbali na moto. Futa vumbi mgongoni kila mwezi.* Alikuwa amekaa nayo mwaka mzima. Angemtuma nani? Ni mkwe gani mwenye adabu angetuma mtu kumwambia mama mkwe kwamba mgongo usifunikwe na nguo zivuliwe?

"Françoise," alisema, "hapa wahalifu ni wawili."

Alizima feni. Akavua kitambaa kimoja kimoja, akikunja kila kimoja kwa heshima. Akaivuta friji mbele viganja viwili, akafuta vumbi kwenye vyuma vya nyuma, akaitoa mbabula nje kwa mikono yake mwenyewe, na maharagwe juu yake. Friji ilikohoa. Ilinyamaza kwa muda mrefu, ikapoa mgongo, kisha ikaanza kunguruma taratibu, ngurumo ya kiumbe aliyeacha kukabwa koo.

Papa Guy aliitwa. Alikuja amejaa maneno, lakini Mama Mukasine alikuwa amekwisha kupiga magoti nje ya geti, na mbele ya mjane anayemlindia gari usiku bila kudai hata jibini, maneno yakampungukia.

"Anifunge, Papa Guy. Sheria ni sheria."

"Inuka, mama. Ninafuta mashtaka." Alijikuna kidevu. "Lakini unifumie vitambaa vya viti vya gari. Vyote vitano."

"Nitafuma ata ya mbele, ya kufunika radiateri!"

"Ya mbele hapana!" watu watatu walisema kwa pamoja.

Esdras aliachiwa, gari likavutwa mpaka kiwanjani kwa mama, naye akairudisha feni mwenyewe, kwa mkono mmoja mzima na mmoja wa dawa ya meno. Skrubu zilikuwa pale pale, zikimngojea. Alijaza maji rejeta ikiwa baridi, akamwonyesha inspekta kwamba ilikuwa baridi. Walilisukuma gari mpaka likawaka, wakaliacha lisimame likinguruma huku wote wakiutazama mshale. Mshale ulipanda. Feni ikajiwasha yenyewe, vuuuuu. Mshale ukatulia.

"Kirotshe!" Esdras alipiga kelele, na Mama Mukasine akapanda nyuma na kifurushi. Ndani yake kulikuwa na kile kitambaa cha mgongo, chenye maua. Kilikuwa na ukubwa kamili wa kumfunika mtoto wa siku tano.

Lakini kabla gari halijatoka getini, mama aliwasimamisha. Alishuka, akaingia ndani kwa mlango wa nyuma, na dakika moja baadaye chupa ya soda ikatokea kwenye kizingiti, ikivuja jasho. Pazia likafungwa.

Esdras, mtu aliyekuwa na haraka kuliko wote Masisi, alizima hamu yake na kungoja. Alijua kinachoendelea.

Inspekta Viateur aliichukua chupa, akaugeukia ua wa miti. Ilikuwa baridi. Haikuwa baridi sana, maana friji ilikuwa ndiyo kwanza inapumua, lakini ilikuwa baridi. Alikunywa. Alikunywa mpaka nusu, na nyuma ya pazia hakuna aliyepumua. Akaipita nusu. Akamaliza, akaipindua chupa juu ya mdomo ili tone la mwisho lidondoke, kisha akaiweka juu ya jiwe kwa kishindo ili isikike kwamba ni tupu.

"Chef, kwenye taarifa niandike chanzo cha uhalifu ni nini?" Mama Françoise aliuliza.

"Andika: nusu chupa ya soda. Mhusika: Inspekta Viateur."

Nyuma ya pazia mtu alicheka na kulia kwa wakati mmoja.

"Françoise! Umuulize mukwe wangu kama naongeza ingine."

Tumbo la inspekta lilikuwa limejaa. Asubuhi ile Céline alikuwa amemlazimisha kumaliza sufuria nzima ya uji.

"Mwambie ndiyo," alisema.